Maswali ya Wasomaji: Kipimo Kiko Sawa, Mwili Hauko Sawa

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu tezi dundumio, ile iliyo mbele ya shingo, ambayo hospitalini wengi wetu huiita tezi ya thairoidi. Nimechagua tatu. Waandishi wake wote wameambiwa kwamba TSH yao, kipimo cha damu kinachotumika kuikagua tezi hiyo, iko sawa na wote bado wanaumwa, lakini sababu zao hazifanani hata kidogo, na mmoja wao ningependa awe ameshafika hospitali kabla gazeti hili halijatoka kiwandani.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, nina umri wa miaka 44. Mwaka 2021 niligunduliwa kwamba tezi yangu haifanyi kazi ya kutosha, TSH ikiwa 38. Nilianzishiwa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, na sasa ninameza mikrogramu 100 kila siku. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 2.6, nikaambiwa kila kitu kiko sawa. Lakini mimi siko sawa. Nikifungua daftari la mahudhurio ninasahau sura ya mtoto niliyemfundisha mwaka mzima, miguu inakuwa mizito kabla ya saa nne asubuhi, nywele zinabaki kwenye kitana, na kilo 9 nilizoongezeka hazijapungua hata moja. Hedhi yangu ni nzito na huchukua siku 7. Kidonge sijawahi kuruka: kila asubuhi ninakimeza kwa chai ya maziwa kabla ya kukimbilia shuleni. Niliporudi kulalamika niliambiwa niache mawazo na nipumzike, na mume wangu naye ameanza kusema kwamba ni uvivu. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat anasema kuna vidonge vya asili vyenye homoni zote mbili, naye yuko tayari kuninunulia. Je, kipimo kinaweza kukosea? Niongeze dozi mwenyewe? Na samahani kwa swali la mwisho: nimekuwa na hamu kubwa ya kula pemba, ule udongo wa sokoni, ingawa si mjamzito. Nalo linahusika?

Marahaba, Mwalimu. Nitaanza na swali uliloliombea samahani, kwa sababu ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Hamu ya kula udongo kwa mtu mzima asiye mjamzito ni mojawapo ya dalili za zamani kabisa za upungufu wa madini ya chuma, na ubaya wake ni kwamba udongo wenyewe hunasa chuma kilichomo katika chakula na kukizuia kuingia mwilini, hivyo kadiri unavyokula pemba ndivyo unavyozidi kuitamani. Ukiunganisha hilo na hedhi nzito ya siku 7, uchovu, nywele kudondoka na akili kusahau, unaona kwamba nusu ya malalamiko yako yana mlango mwingine ambao, kwa jinsi ulivyoandika, bado haujabishwa hodi.

Tezi inapolegea kwa muda mrefu bila kutibiwa, hedhi mara nyingi huwa nzito. Huenda kwa miaka miwili au mitatu kabla ya 2021 ulikuwa ukipoteza damu nyingi kila mwezi, ghala la chuma likakauka, kisha ukaanza dawa na tezi ikatulizwa, lakini deni la chuma halikulipwa. Omba upimwe wingi wa damu na, muhimu zaidi, ferritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma, kwa kuwa akiba inaweza kuisha huku wingi wa damu ukiwa bado unaonekana mzuri. Ferritini iliyo chini ya 30 kwa mwanamke mwenye dalili kama zako mimi siiachi bila kuitibu. Vilevile omba picha ya kizazi, maana uvimbe wa kizazi ni jambo la kawaida sana katika umri wako, na ukiwepo utaendelea kumwaga kile unachokijaza.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo, na kazi yake ni kuagiza: homoni ikipungua katika damu sauti ya agizo hupanda, homoni ikitosha sauti hushuka. TSH ya 38 ilikuwa pituitari inayopiga kelele, 2.6, katika maabara ambazo kiwango chake huwa kati ya takriban 0.4 na 4.0, ni pituitari iliyoridhika. Kwa hiyo kipimo chako hakikukosea. Kilijibu swali kililoulizwa, yaani kama pituitari inaona homoni inatosha, wala hakuna aliyekiuliza kama una chuma, kama unalala usiku au kama una huzuni. Mwenzangu aliyekwambia vipimo viko sawa alisema kweli. Alikosea pale alipoligeuza neno hilo kuwa na maana ya kwamba huumwi.

Wala hauko peke yako. Katika kila wagonjwa 100 wanaotumia levothairoksini na wenye TSH nzuri, inakadiriwa kwamba kati ya 5 na 10 huendelea kuwa na uchovu, ukungu wa akili na uzito usiopungua. Ipo hoja ya haki upande wao: mwaka 2002 watafiti wa Denmark waliwapima wanaume 16 wenye afya kila mwezi kwa mwaka mzima, wakakuta kwamba kila mmoja ana kiwango chake chembamba anachozunguka ndani yake, na upana wake ni karibu nusu tu ya kile tunachoandika kwenye karatasi ya majibu. Yaani namba iliyo ndani ya mstari wa maabara inaweza kuwa si ile uliyoizoea wewe. Hata hivyo, walipojaribu kule Australia kupandisha na kushusha dozi kidogo kidogo ili TSH ihame ndani ya mstari huohuo, wagonjwa hawakuweza kuhisi tofauti. Ndiyo maana sikukatazi kujadiliana na daktari wako kuhusu marekebisho madogo, lakini sitegemei yafanye muujiza.

Jambo lililo mikononi mwako ni chai. Levothairoksini huhitaji tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kuweka kitu kingine kinywani. Maziwa yana kalisi, nayo hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, na uji wa lishe ambao siku hizi hausagwi bila soya ni hivyo hivyo. Utaniuliza: kama dawa haikuwa ikiingia vizuri, mbona TSH ni nzuri? Kwa sababu dozi ilipandishwa taratibu hadi ikafidia kile kinachopotea katika chai. Shida ni kwamba kinachopotea hakilingani kila siku: siku ya chai ya rangi unapata zaidi, siku ya maziwa mengi unapata kidogo. Ukianza leo kumeza kwa maji, tambua kwamba dozi ileile inaweza kugeuka kuwa kubwa kwako, kwa hiyo upime tena TSH baada ya wiki 6 hadi 8 wala si kabla, maana dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na mapema zaidi ya hapo namba haijatulia. Kama asubuhi ya shule haina nafasi ya kusubiri, meza usiku wakati wa kulala, ilimradi zimepita angalau saa 3 tangu ule. Na utakapoandikiwa vidonge vya chuma, ambavyo natarajia utaandikiwa, viache mbali na levothairoksini kwa saa 4, la sivyo vitanasana tumboni vyote viwili.

Yapo mengine ambayo ningeyatazama kama ungekuwa umekaa mbele yangu. Ugonjwa ulioidhoofisha tezi yako pengine ni ule ambao kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, uliopewa jina la Hakaru Hashimoto, Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, na kinga iliyozoea kushambulia tezi mara nyingine huvamia pia tumbo na kuzuia vitamini B12 isiingie mwilini. Hivyo B12 ipimwe, hasa ukiwa na ganzi vidoleni. Sukari ipimwe. Umri wa miaka 44 ni umri ambao hedhi huanza kujiandaa kuaga, pamoja na joto la usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Muulize mumeo, badala ya kubishana naye juu ya uvivu, kama unakoroma na kunyamaza ghafla kisha kuvuta pumzi kwa kishindo, kwa sababu anayekosa pumzi usingizini huamka amechoka kuliko alivyolala. Na kama kuna siku ambazo hata jambo ulilolipenda halikuvuti tena, litaje kwa daktari bila aibu. Sonona ni ugonjwa unaotibika, na kuwa nayo hakumaanishi kwamba uchovu wako ni wa kubuni.

Kuongeza dozi mwenyewe, hapana. Homoni ikizidi, wiki za kwanza mtu hujisikia amepata nguvu, na hapo ndipo anaponaswa. Baadaye moyo huanza kudunda bila mpangilio na mifupa huliwa polepole, tena zaidi kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi.

Kuhusu vidonge vya mpwa wako, hivyo vinavyoitwa vya asili ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa, jambo ambalo wasomaji wangu Waislamu wana haki ya kuambiwa wazi kabla ya kununua. Wazo lenyewe si la jana: mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama mmoja kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Lakini ndani ya tezi ya nguruwe homoni mbili za tezi, T4 (ambayo ndiyo levothairoksini) na T3 (yenye nguvu zaidi), ziko kwa uwiano wa takriban 4 kwa 1, ilhali tezi ya binadamu hutoa takriban 14 kwa 1, kwa hiyo T3 hupanda ghafla na moyo ndio unaoilipia gharama. Ipo pia T3 ya kiwandani inayoweza kuongezwa juu ya levothairoksini. Utafiti wa wagonjwa 33 uliochapishwa mwaka 1999 ulileta matumaini makubwa, tafiti nyingi zilizofuata hazikuyathibitisha, na hata hivyo wataalamu wa Ulaya tangu 2012 wanaruhusu ijaribiwe kwa miezi mitatu, chini ya bingwa wa homoni, kwa mgonjwa ambaye mengine yote yametafutwa na kutibiwa. Wewe bado hujafika hapo. Mwambie mpwa wako ahifadhi riyali zake.

Utakaporudi kliniki, usiseme tu kwamba umechoka. Andika kwenye karatasi: lini uchovu ulianza, nini huwezi kufanya leo ambacho uliweza mwaka 2019, unameza kidonge saa ngapi na kwa kinywaji gani, hedhi ni siku ngapi, na hiyo pemba. Daktari mwenye wagonjwa 60 nje ya mlango atasoma karatasi haraka kuliko atakavyosikiliza malalamiko, na hilo nakwambia kwa kuwa mimi ndiye huyo daktari siku nyingi.

Daktari, salamu kutoka Mombasa. Nina miaka 33. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili mwaka 2020 nilitokwa na damu nyingi mno, nikazirai, nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka kabisa, mtoto nikamlea kwa ya kopo. Tangu hapo sijaona hedhi, nywele za kwapani zimekwisha, nahisi baridi hata mwezi wa pili, na nikisimama ghafla naona giza. Nimepima tezi mara tatu, TSH ni 1.8, wananiambia tezi haina neno. Je, nitumie dawa za tezi za mama yangu nione?

Dada yangu, usimeze hata kimoja. Na usisubiri.

Yale niliyomweleza Mwalimu hapo juu yanasimama juu ya nguzo moja, kwamba pituitari ni mzima na agizo lake linaaminika. Kwako nadhani nguzo hiyo ndiyo iliyovunjika. Pituitari huvimba wakati wa ujauzito na huhitaji damu nyingi kuliko kawaida. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hadi shinikizo la damu likaanguka, sehemu yake inaweza kufa. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na jina lake umebaki nalo. Maziwa hayatoki kwa kuwa homoni ya kuyaagiza imekufa nayo, hedhi hairudi kwa sababu hiyohiyo, nywele za kwapani hupukutika, na tezi ya shingoni hulala kwa kukosa wa kuiamsha. Wakati huo TSH inaweza kusomeka 1.8 vizuri kabisa, kwa sababu pituitari iliyojeruhiwa haina tena nguvu ya kupaza sauti hata homoni ikiwa chini. Kwa mtu kama wewe TSH peke yake haina maana yoyote. Kinachotakiwa ni kupimwa T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe iliyo katika damu, pamoja nayo.

Sababu ya kukukataza vidonge vya mama yako ni hii: pituitari hiyohiyo ndiyo inayoziagiza tezi za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayokuwezesha kustahimili homa, njaa na kuumia. Giza unaloliona ukisimama linanipa wasiwasi kwamba kotisoli yako iko chini. Mtu wa namna hiyo akipewa homoni ya thairoidi kwanza, mwili huitumia haraka kotisoli kidogo iliyobaki na anaweza kuanguka na kufa. Utaratibu ni kotisoli kwanza, thairoidi baadaye.

Niliwahi kumpokea mama wa namna hii ambaye kwa miaka sita alikuwa akizunguka na faili lake. Ndani yake nilihesabu karatasi tano za TSH, zote nzuri, zimebanwa kwa pini moja, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao mtu alimwuliza kama alinyonyesha. Alipoanza kupewa dawa sahihi alirudi baada ya wiki mbili akiwa ametembea kwa miguu kutoka stendi, na alichotaka nikishike ni kiganja chake, kwamba kina joto.

Nenda hospitali kubwa iliyo na bingwa wa homoni au wa magonjwa ya ndani, uieleze habari ya uzazi ule kabla ya kutaja tezi. Watahitaji kotisoli ya saa mbili asubuhi, T4 huru, prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni za uzazi, na pengine picha ya kichwa ya emarai (MRI). Ukianza kutapika, kuharisha, kupata homa au kuzimia kabla ya siku ya miadi, usiisubiri miadi: nenda idara ya dharura na useme maneno haya, "Nilitokwa na damu nyingi nikijifungua, sikutoa maziwa, ninahofia kotisoli." Dawa zake ni vidonge vya kawaida vya kila siku, na wengi huvitumia wakaishi maisha yao.

Mimi ni mkulima wa mwani, Unguja. Dada yangu ana ugonjwa wa tezi na mimi nina uchovu kama wake, lakini vipimo vyangu vyote vya tezi, TSH na T4, ni vizuri. Amenigawia vidonge vyake na nimevimeza mwezi mzima. Pia tunasaga mwani na kuuza unga, na wateja wanatuambia unatibu tezi, basi nami nakunywa kijiko kila siku. Nafanya vyema?

Vidonge mrudishie dada yako, maana yeye ndiye atakayepungukiwa. Jambo lako lilishajaribiwa huko Scotland: watu wenye dalili za tezi lakini vipimo vizuri walipewa kwa zamu levothairoksini na kidonge kisicho na dawa, wiki 12 kila kimoja, bila kujua kipi ni kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na dawa haikukishinda kidonge cha bandia kwa lolote. Watu walipata nafuu, ndiyo, lakini waliipata kwa vyote viwili.

Mwani una madini joto, hilo ni kweli, na upungufu wa madini joto ndio uliowaletea rovu watu wa nyanda za juu na wa kisiwa cha Idjwi kule Ziwa Kivu. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na anayetumia chumvi yenye madini joto pamoja na samaki, kama watu wa pwani, kwa kawaida hupata. Kuzidisha hakuongezi faida. Kwa mtu ambaye katika ukoo wake kuna ugonjwa wa tezi, na wewe dada yako anao, madini joto yakizidi yanaweza kuidhoofisha tezi iliyokuwa salama, na kijiko cha unga hakina kipimo, kwa kuwa kiasi kilichomo hutofautiana kutoka mwani mmoja hadi mwingine. Endelea kuuuza kwa ajili ya kutengenezea sabuni.

Uchovu wako utafutwe mahali pengine: wingi wa damu na akiba ya chuma, choo kwa ajili ya minyoo ya safura, sukari, shinikizo la damu, na kipimo cha ujauzito kama kuna uwezekano. Kwa vile umemeza homoni mwezi mzima, kipimo chochote cha tezi utakachofanya sasa kitakuwa kinapima vidonge vya dada yako, kwa hiyo acha wiki 6 zipite ndipo urudie TSH, na umwambie mhudumu wa maabara kuhusu mwani na kuhusu dawa yoyote ya nywele na kucha unayomeza, kwani zile zenye bayotini, aina ya vitamini B, huvuruga mashine fulani zikatoa majibu yasiyo yako. Siku mbili bila bayotini kabla ya kutoa damu hutosha kwa watumiaji wengi.